Siku Ayoo Alipomsikia Baba Yake

Hapa Kimulot, ukisema "daktari" bila kutaja jina, watu wengi hawafikirii hospitali. Wanamfikiria Ayoo. Kazi yake ni ng'ombe: kuwatibu, na zaidi kuwapandisha kwa mbegu anazobeba nyuma ya pikipiki katika mtungi wa baridi kali. Mtungi huo ukifunguliwa hutoa moshi mweupe unaoteremka badala ya kupanda, na watoto hukimbia kuuangalia. Ng'ombe akiingia joto hamngoji mtu. Akilia asubuhi, apandishwe siku hiyohiyo, la sivyo utakaa ukimlisha bure mpaka arudi tena. Ndiyo maana kila mwenye ng'ombe upande huu wetu ana namba ya Ayoo.

Mimi ni jirani yake. Watu huniita Mama Kimeli. Chai yangu inapakana na kiwanja chake, na kila ndama aliyezaliwa kwangu miaka hii ya karibuni, ni Ayoo aliyemtafutia baba. Haya nitakayoyasimulia sikuhadithiwa, nilikuwepo.

Ayoo si Mkipsigis, ingawa ukimsikia bila kumwona utadhani ni binti wa Bureti. Baba yake, Mzee Joab Owiti, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaandikwa kazi katika kiwanda cha chai, akawa mtu wa boila. Yeye ndiye aliyeulisha moto kuni ili majani yanyauke na kukauka. Ayoo na kaka yake Ooko walikulia katika nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo Mjaluo, Mkisii, Mluhya na Mkipsigis walichota maji kwenye mfereji mmoja. Mama yao alifariki Ayoo akiwa bado shuleni. Mzee alipostaafu alirudi kwao, lakini kiharusi kilipompiga, Ayoo alienda akamleta hapa. Kwao hakukuwa na mtu wa kumgeuza kitandani, na hapa hospitali ya Kapkatet haiko mbali.

Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia, kikaufanya mguu kuwa mzito, kisha kikachukua maneno. Yote, isipokuwa moja. Mzee Joab alibaki na neno "basi." Akitaka maji, "basi." Akisikia baridi, "basi, basi." Nikimsalimia kwa Kipsigis, kwa maana alikijua, alinitazama machoni kama mtu anayeinua gunia, midomo ikafanya kazi, jasho likamtoka, halafu, "Basi." Kisha aligeuza uso akatazama ukuta. Ilikuwa vigumu kuangalia. Huyu ni mtu ambaye, wanasema, sauti yake ilisikika juu ya mashine zote za kiwanda.

Sasa nije kwa simu.

Ayoo alikuwa na simu kubwa ya kioo, na simu ile ilikuwa kama kiungo cha mwili wake. Simlaumu. Ilianza kwa kazi: vikundi vya madaktari wa mifugo, vikundi vya wakulima, picha za ng'ombe wagonjwa zinazotumwa aseme ni ugonjwa gani. Halafu vikaja vikundi vya mazishi, vya harusi, vya kanisa, vya waliosoma pamoja. Halafu zile video fupi ambazo moja ikiisha nyingine imeshaanza. Alikuwa akichanganya dawa, waya ziko masikioni. Anamkamua ng'ombe wake, waya masikioni. Ukimwambia jambo anakwambia "eeh," na ukimuuliza umesema nini hajui.

Asubuhi moja niliwapelekea maziwa kwa sababu ng'ombe wao alikuwa amekauka. Nikamkuta Ayoo ameketi mbele ya baba yake akimnywesha uji kwa kijiko. Simu ilikuwa imesimamishwa kwenye chupa ya chai, kuna mtu anacheka ndani yake. Macho ya Ayoo yalikuwa kwenye simu, mkono ukienda wenyewe, na kijiko kikamgonga mzee shavuni. Uji ukamtiririka mpaka shingoni.

Mzee Joab hakusema hata ile basi yake. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, polepole, akailaza simu kifudifudi juu ya meza.

Ayoo akaiinua. Nadhani hata hakujua ameiinua.

Mzee akailaza tena. Safari hii akauacha mkono juu yake, akamtazama binti yake usoni. Yule mtu ndani ya simu aliendelea kucheka chini ya kiganja. Ayoo alichukua kitambaa, akampangusa baba yake shingo, kisha akaendelea kupangusa hata pale palipokuwa pameshakauka.

Nilipotoka alinifuata mpaka kwenye ua wa miti.

"Mama Kimeli, umeona?"

"Nimeona."

"Hii kitu siwezi kutupa. Nikitupa, nitalishwa na nani? Ng'ombe za watu zitapita siku yake. Na Baba akizidiwa mchana, wewe utanipata aje?"

"Hakuna mtu amesema utupe," nikamwambia. "Lakini si lazima utembee na soko lote kwa mfuko. Tembea na mlango tu, mtu abishe."

Ilikuwa siku ya yeye kwenda Kapkatet kuchukua dawa za mzee. Alirudi na kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza, yenye tochi. Akahamishia humo laini ya kazi. Jioni akapiga simu kwa wakulima mmoja baada ya mwingine: kuanzia leo msinitumie picha, nipigieni, ng'ombe akilia, piga. Pesa za M-Pesa zingeingia huko huko. Simu kubwa akaileta kwangu ikiwa imezimwa.

"Iweke kwa kabati lako, ufunge. Nitakuja kuichukua Jumapili baada ya kanisa, niangalie mambo ya watu, halafu nikurudishie."

Niliiweka chini ya vitambaa vya meza, nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni nikijiambia kwamba mchezo huu hautafika mbali.

Kesho yake tu alikuja. Alitaka kuangalia kama mvua itanyesha. Nikamwonyesha mlima. Akaja tena, alitaka kujua bei ya chakula cha ng'ombe. Nikamwambia ampigie mwenye duka. Siku nyingine alisimama mlangoni kwangu akijifuta mikono kwenye aproni, akaniuliza habari za mahindi, habari za kuku, habari za mguu wangu, na macho yote yako kwenye kabati. Nilicheka, naye akacheka, akaenda zake bila kuomba. Alinieleza baadaye kwamba mkono wake ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, ukiitoa ile kabambe, ukiiangalia kana kwamba ina kitu, halafu ukiirudisha. Alikuwa mkali pia. Alimfokea mkulima mmoja mzee kwa sababu ya kamba mbovu, mpaka ikabidi arudi kumwomba msamaha.

Na si kwamba hakupoteza kitu. Kikundi cha kina mama wa kanisa kilibadilisha mahali pa mkutano, tangazo likapita kwenye simu kubwa ikiwa imelala kwa kabati langu. Ayoo akaenda akakuta nyumba imefungwa. Kina mama walisema anajiona. Jumapili iliyofuata Ayoo akasimama kanisani akasema, "Mkiwa na neno langu, nipigieni. Simu inaita. Nikiwa sina ng'ombe mkononi, nitashika." Wengine walikasirika zaidi. Wengine walianza kumpigia, na mmoja wao aliniambia ilikuwa mara ya kwanza tangu janga la korona kuisikia sauti ya Ayoo vizuri.

Wiki ziliendelea. Chai ilichipua majani mapya baada ya mvua, sote tukawa mashambani tangu umande haujakauka, na mimi nikaanza kusahau kwamba nina simu ya mtu.

Siku ile nilikuwa nachuma kwenye mstari ulio karibu na ua. Ilikuwa asubuhi yenye jua, ukungu ukijikunja kurudi msituni. Nikamwona Ayoo anakuja kupitia katikati ya chai, hakufuata njia, viatu vya mpira mguuni, povu la sabuni bado mikononi. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni.

"Mama Kimeli, weka kikapu chini. Kuja usikie kitu. Usiongee."

Nikamfuata. Tukasimama nyuma ya jiko, mahali ambapo mzee hawezi kutuona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko. Ayoo alikuwa ameacha moto ukiwaka chini ya sufuria ya maji ya ng'ombe, na mzee alikuwa ameugeukia moto ule. Mwanzoni nilisikia kama mashine ya kusaga ya mbali, ule mvumo wa chini usiojua unatoka wapi. Kisha nikaona kifua chake kikipanda na kushuka.

Mzee Joab alikuwa akiimba. Maneno hayakuwemo, ni sauti tu, midomo imefungwa. Lakini wimbo ulikuwa mzima, ukipanda mahali pake na kushuka mahali pake, bila kukosea.

Ayoo aliniambia kwa kunong'ona, "Nilidhani ni posho mill ya chini. Siku nyingi nimekuwa nikisikia, nikidhani ni posho mill. Leo nikakumbuka hakuna stima tangu jana."

"Unaujua huo wimbo?"

"Ni wake. Alituimbia mimi na Ooko tukiwa watoto. Aliutunga huko boila."

Ikanijia kwamba huenda mzee ameimba hivyo tangu alipoletwa, kila moto ulipowashwa, na hakuna sikio lililokuwa tupu la kumsikia.

Ayoo akatoka nyuma ya jiko, akaenda akachuchumaa mbele yake, mikono na povu lake. Mzee akanyamaza. Ayoo akaanza kuimba, sauti ndogo, ile ya mtoto anayeogopa kukosea:

"Moto kula, kula pole,
majani yanyauke…"

Mzee Joab akamkazia macho. Midomo ikaanza ile kazi yake ngumu, nami nikajiandaa kusikia "basi." Ayoo akarudia, akifika mwisho wa mstari wa pili akanyamaza, akangoja.

"Ayoo wangu amelala," akaimba baba yake, "tusimwamshe."

Maneno kamili, yenye ncha zote. Amelala. Tusimwamshe. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwa sauti ya mtu, sauti nene ya mtu wa boila, na ndani yake mlikuwa na jina la binti yake. Nimezaa watoto, nimezika mume, nimemwona ndama aliyekwisha kukata pumzi akapiga chafya na kusimama. Sijawahi kusimama mahali nikahisi vile, kama ardhi imeshusha pumzi chini ya miguu yangu. Mzee mwenyewe aliweka mkono wa kushoto mdomoni, akaugusa, kama aliyeona mgeni anatoka kwenye nyumba aliyodhani haina mtu.

"Tena, Baba," Ayoo akasema.

Wakaimba tena. Na tena. Moto ukala kuni ukaanza kufifia, nikaenda nikausukumia ukuni, kwa sababu niliogopa kwamba ukizimika naye atazimika.

Ndipo Ayoo akatoa kabambe mfukoni. Akampigia Ooko, ambaye hufanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Aliiwasha sauti ya nje, akaishika karibu na kidevu cha mzee.

"Ooko, usikate. Sikiliza tu."

"Kuna nini? Baba yuko sawa?"

"Sikiliza."

Akaanzisha, na mzee akamalizia. Halafu tukamsikia Ooko. Hakuuliza swali lolote. Alianza wimbo mwanzo, kwa sauti iliyopasuka, huko aliko katikati ya maua ya watu, na alipofika kwenye mstari wa tatu hakusema jina la Ayoo. Alisema "Ooko wangu." Kila mtoto aliimbiwa jina lake, kumbe. Mzee Joab akaichekea simu ile ndogo, machozi yakimwingia kinywani, akaimba, "Ooko wangu amelala."

Wakiwa katikati, simu ikaanza kulia ule mlio wa mtu mwingine anayepiga. Ayoo akatazama. Alikuwa mkulima wa ng'ambo ya bonde, ng'ombe wake analia tangu alfajiri. Ayoo akamtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Nenda," nikamwambia. "Hiyo ndiyo kazi ya simu. Mimi niko."

Alinawa mikono, akafunga mtungi wake nyuma ya pikipiki akaenda. Nilikaa na Mzee Joab mpaka jua likasimama juu yetu, mchumaji wa chai aliyeacha kikapu na mtu wa boila, tukiimba wimbo wa watoto wasio wangu. Sikuchuma tena siku ile.

Walipompeleka Kapkatet kwa siku yake ya mazoezi, Mokaya, kijana anayemnyoosha viungo, aliacha mguu wa mzee akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaeleza kwamba jambo hili linajulikana: kiharusi kinaweza kuvunja njia ya maneno kichwani, lakini nyimbo zina njia yake nyingine, na mara nyingine hiyo hubaki wazi. "Pitieni huko," akasema. "Kila kitu anachotaka, mkitie kwa wimbo."

Basi nyumba ile ikawa nyumba ya kuimba. Mzee alijifunza kuomba chai kwa kuiimba. Aliimba maji, aliimba blanketi, aliimba kwamba mguu unamuuma. Lilikuwa jambo la kuchekesha na la kutisha kwa pamoja, kumwona mtu akitafuta neno, akilikosa, akafumba macho, akaliendea kwa njia ya nyuma na kurudi nalo. Mengi hakuyapata. Hadi leo hawezi kukusimulia kisa, na zipo siku mbaya ambazo hurudi kwenye basi yake tangu asubuhi mpaka jioni, na hapo Ayoo humshika mkono tu. Daktari wa hospitali hajawaahidi zaidi ya hapo. Wazee aliofanya nao kazi walisikia, wakaja kutoka kwenye nyumba za kiwanda, wakaketi uani wakiwa na kofia mapajani. Walikuja kumwona mgonjwa. Waliondoka wameimba mpaka sauti zimewakauka, na mmoja wao alisimama kwenye ua wangu akaniambia kwamba hakujua kama ni sawa kuvaa kofia tena baada ya kitu kama kile.

Simu kubwa bado iko kwangu. Ayoo huichukua Jumapili, huangalia picha za watoto wa Ooko, hujibu anaowajibu, huirudisha. Kuna Jumapili husahau kuja.

Mwezi wa nne mwaka huu ilinyesha mvua ya mawe. Tumeizoea, lakini hii ilikuwa kubwa. Ilitoka upande wa msitu ikavuka chai yetu yote kwa kishindo, na nikakimbilia kwa Ayoo kwa sababu palikuwa karibu. Tulikaa watatu ndani, mabati yakipigwa hata hatusikiani. Ilipopungua, Ayoo akafungua mlango. Vilima vyote vilikuwa vyeupe. Chai, barabara, mapaa ya nyumba, vyote vimelala chini ya weupe ule, mvuke ukipanda, na jua likatoka juu yake.

Nilijua mavuno yangu yameharibika. Bado sikuweza kuacha kutazama.

Nyuma yetu mzee akaanza kuimba. Haukuwa ule wimbo wa moto. Haukuwa wimbo wowote tuliowahi kuusikia. Alikuwa anautafuta huku akiimba, neno, kimya, neno, macho yake yakiwa kwenye weupe ule wa nje.

"Mawe… mawe… barabara nyeupe… mama yako… anashika mkono… njiani…"

Ayoo aligeuka. Jina lake maana yake ni aliyezaliwa njiani. Wajaluo humpa jina hilo mtoto wa kike aliyezaliwa hivyo. Aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote alijua maana ya jina lile, na hakuwahi kuuliza ni njia gani. Mama yake alikuwa amekufa kabla swali hilo halijamjia, na baba alikuwapo siku zote, kwa hiyo swali liliweza kungoja.

Kabambe ikalia. Akaipokea bila kumwondolea baba yake macho.

"Ndiyo, mzee wangu. Ng'ombe inalia tangu saa ngapi? Sawa. Mpe maji. Nakuja, barabara ikifunguka kidogo."

Akairudisha mfukoni. Akavuta kigoda, akaketi magotini pa baba yake kama mtoto anayengoja kusukwa nywele.

"Ilikuwa barabara gani, Baba?" akauliza, na aliuliza kwa kuimba.

Mzee Joab akafumba macho, akavuta pumzi.